Namna ya Kuufikia Ukurugenzi Mtendaji wa Kampuni, Kuushika na Kuuachia

Mkurugenzi Mtendaji huajiriwa na bodi ya wakurugenzi, hupimwa na bodi hiyo, na siku inapopoteza imani naye huondolewa na bodi hiyo hiyo. Kati yake na bodi hakuna mkubwa mwingine wa kumkinga, na chini yake hakuna msaidizi ambaye kosa lake halitahesabiwa kuwa la Mkurugenzi Mtendaji pia. Ndiyo maana bodi inapotafuta mtu wa kushika nafasi hiyo haivutiwi sana na idadi ya vyeo alivyopitia. Inachotaka kujua ni matokeo gani amewahi kuyabeba yeye mwenyewe, yawe mazuri au mabaya, bila kuwa na wa kumsukumia lawama. Maelezo yote yanayofuata yanalizunguka swali hilo, kwa kuwa naamini watu wengi wenye uwezo huikosa nafasi hii baada ya kutumia miaka yao mizuri katika kazi zenye heshima lakini zisizo na matokeo ambayo mtu anaweza kusema kwamba ni ya kwao.

Hatua ya kwanza: anzia pale kampuni inapopatia fedha zake

Kila kampuni ina sehemu chache zinazoingiza fedha na sehemu nyingi zinazozisaidia sehemu hizo. Kiwandani fedha hutokana na uzalishaji na mauzo. Benki huzipata katika mikopo na amana. Kampuni ya programu huzipata kwa wahandisi wanaotengeneza bidhaa na wauzaji wanaoifikisha kwa mteja. Mwenye nia ya kuongoza kampuni nzima aanzie humo, au ahamie humo mapema, hata kama atalazimika kukubali cheo kidogo kuliko kile alicho nacho makao makuu.

Mary Barra aliingia General Motors mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 18, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua mabati ya magari katika kiwanda cha Pontiac huku kampuni ikimsomesha uhandisi wa umeme. Baadaye alisimamia kiwanda cha kuunganisha magari, akaongoza idara ya rasilimali watu, kisha akakabidhiwa utengenezaji wa magari mapya duniani kote, na Januari 2014 akawa Mkurugenzi Mtendaji. Cha kuzingatia katika historia hiyo ni mpangilio wake: alipofika kwenye ofisi za juu alikuwa tayari anajua gari linavyoundwa, na hakuna mhandisi aliyeweza kumweleza jambo lisilowezekana akalikubali.

Kuhusu masomo sitakawia. Shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara husaidia, hasa kwa mhandisi au mwanasayansi ambaye hajawahi kusoma hesabu za kampuni, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya miaka ya kazi. Ursula Burns, aliyeingia Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, kama mwanafunzi wa mafunzo kazini mwaka 1980 na kuwa Mkurugenzi Mtendaji wake mwaka 2009, alikuwa na shahada mbili za uhandisi mitambo.

Hatua ya pili: zifahamu fedha kwa undani kuliko unavyotakiwa

Kuna wasimamizi wanaojua mauzo yao ya mwezi na gharama zao za mwezi, wakadhani wanaijua biashara. Taarifa ya faida na hasara ni karatasi moja kati ya tatu. Nyingine ni mizania, inayoonyesha mali na madeni, na taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu. Kampuni nyingi zinazokufa hufa kwa sababu ya hiyo ya tatu, wakati mwingine huku ile ya kwanza ikionyesha faida.

Chukua kitengo kinachonunua mzigo kwa 80 na kuuuza kwa 100. Kwenye karatasi kuna faida ya 20 kabla ya gharama nyingine, na kila mtu anafurahi. Sasa tazama siku. Mzigo unalipiwa siku ya 30 baada ya kupokelewa. Unakaa ghalani siku 40 kabla ya kuuzwa, na mteja anayeuchukua amepewa siku 90 za kulipa. Fedha zilizotoka siku ya 30 zinarudi siku ya 130, na katika siku hizo 100 za katikati ni lazima mtu fulani azigharamie, mara nyingi benki yenye riba yake. Mauzo yakiongezeka maradufu, shimo hilo nalo huongezeka maradufu, na kitengo kinachokua kwa kasi kinaweza kushindwa kulipa mishahara katika mwaka wake bora wa mauzo. Msimamizi anayeliona hili ataanza kujadiliana na mgavi ili siku 30 ziwe 60, atapunguza mzigo unaolala ghalani, na atamnyima mkopo mteja mkubwa anayechelewa kulipa hata kama wauzaji wake watalalamika. Tim Cook alipoingia Apple mwaka 1998 kusimamia ugavi, mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa hiyo ya kupunguza mzigo unaokaa ghalani, na ni kazi ya namna hiyo iliyomjengea jina mbele ya bodi.

Jizoeze kusoma taarifa za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, kwa kuwa ziko wazi kwa kila mtu. Anza na maelezo yaliyo nyuma ya hesabu, yale yenye herufi ndogo, maana humo ndimo unamokuta kesi mahakamani, madeni yanayoiva na mabadiliko ya namna ya kuhesabu mapato. Ukikutana na jambo usilolielewa, mwombe mhasibu wa kampuni yako akueleze. Wahasibu wengi hupenda kuulizwa, na ni watu unaowahitaji wakuamini.

Hatua ya tatu: omba kitengo chenye faida na hasara zake

Hii ndiyo hatua inayoamua mengi, na ndiyo wengi huiruka. Mtu anaweza kupanda kutoka msaidizi hadi mkurugenzi wa idara ya sheria, mawasiliano, mikakati au rasilimali watu bila kuwahi kuulizwa mwisho wa mwaka kama kitengo chake kimepata faida. Siku nafasi ya juu inapokuwa wazi bodi humsifu, kisha humteua mwingine. Wapo waliopita njia ya fedha na mikakati wakafika, kama Indra Nooyi, aliyeingia PepsiCo mwaka 1994 kuongoza mikakati, akawa mkuu wa fedha, na mwaka 2006 akawa Mkurugenzi Mtendaji. Hata hivyo yeye alikuwa mbunifu wa maamuzi makubwa kabisa ya kampuni, yakiwemo kujitenga na biashara ya migahawa na kuinunua Quaker Oats, na matokeo ya maamuzi hayo yalionekana kwenye hesabu. Asiye na rekodi ya uzito huo hana budi kupata kitengo.

Usisubiri kupewa. Mwendee mkubwa wako wakati kazi yako ya sasa inakwenda vizuri, umwambie waziwazi kwamba ungependa kubeba dhamana ya faida na hasara, na kwamba uko tayari kwenda mahali ambapo wengine hawataki. Kitengo kidogo kilicho mbali na makao makuu ni shule nzuri kuliko idara kubwa iliyo karibu na ofisi ya mkuu, kwa kuwa huko mbali utalazimika kuamua mwenyewe bei, ajira na ugomvi na wateja. Kitengo kinachougua ni kizuri zaidi, mradi ugonjwa wake unatibika. Kwa hiyo kabla ya kukubali, chunguza kama tatizo liko kwenye uendeshaji, ambao unaweza kuubadili, au kama bidhaa yenyewe haitakiwi tena sokoni.

Jihadhari pia na vyeo vya meneja mkuu ambavyo ndani yake hamna madaraka. Uliza ni nani anayepanga bei, nani anaajiri na kuachisha kazi wasimamizi wa kitengo, ni kiasi gani unaweza kutumia bila kuomba kibali, na kwenye taarifa ya kila mwezi inayokwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji ni jina la nani linaloandikwa kando ya matokeo. Majibu yakiwa ni majina ya watu wengine, umepewa mzigo wa lawama bila usukani.

Ukishaingia, kaa. Mwaka wa kwanza unavuna alichopanda aliyekutangulia, na wa pili matokeo yenu yamechanganyika. Kuanzia wa tatu ndipo mtu anaweza kusema haya ni yako. Anayehama kila baada ya miezi 18 hujaza wasifu wake vyeo vizuri, lakini bodi yenye wajumbe makini itamuuliza ni uamuzi gani aliuishi mpaka akauona mwisho wake, naye hatakuwa na jibu.

Hatua ya nne: jenga mkutano ambamo habari mbaya husemwa mapema

Kadiri mtu anavyopanda ndivyo habari mbaya zinavyochelewa kumfikia. Hakuna anayeficha kwa makusudi. Kila ngazi inalainisha kidogo, na taarifa iliyoondoka kiwandani ikiwa hatari inafika juu ikiwa changamoto inayoshughulikiwa.

Alan Mulally alipotoka Boeing, alikokuwa amefanya kazi miaka 37, na kuichukua Ford mwaka 2006, kampuni ilikuwa inaelekea kwenye hasara ya zaidi ya dola bilioni 12 kwa mwaka huo. Alianzisha mkutano wa kila Alhamisi ambamo kila mkuu wa idara alionyesha maendeleo yake kwa rangi: kijani kwa jambo linalokwenda vizuri, njano kwa lenye mashaka, nyekundu kwa lililokwama. Wiki za mwanzo karatasi zote zilikuwa kijani. Mulally akawauliza inakuwaje kampuni inayopoteza mabilioni isiwe na jambo hata moja linalokwenda vibaya. Hatimaye Mark Fields, aliyeongoza biashara ya Amerika, alileta karatasi yenye rangi nyekundu kuhusu gari jipya ambalo uzinduzi wake ulikuwa umekwama kwa hitilafu. Chumba kilinyamaza, wengi wakidhani wanashuhudia mwisho wa kazi yake. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza ni nani anayeweza kumsaidia, na wakuu wengine wakaanza kujitolea. Wiki zilizofuata rangi zilianza kufanana na hali halisi. Mwaka 2014 Mulally alipostaafu, Fields ndiye aliyemrithi.

Huhitaji kungoja uongoze kampuni ili ufanye hivi. Msimamizi wa watu 10 anaweza kuanza wiki ijayo kwa kuuliza kila mmoja ni jambo gani linamnyima usingizi, na kwa kuhakikisha kwamba wa kwanza kusema ukweli hatoki mkutanoni akiwa na hali mbaya kuliko walionyamaza. Hiyo sehemu ya pili ndiyo ngumu, kwa kuwa inahitaji uzuie hasira yako mwenyewe mbele ya watu siku ambayo una kila sababu ya kukasirika.

Hatua ya tano: bodi ikufahamu kabla nafasi haijawa wazi

Kampuni kubwa nyingi huteua Mkurugenzi Mtendaji kutoka ndani, na wajumbe wa bodi hawawezi kumchagua mtu ambaye wamemwona mara moja tu akisoma slaidi. Omba kuwasilisha mambo ya kitengo chako kwenye bodi, na ukipata nafasi hiyo tumia muda mfupi kueleza na muda mrefu kujibu maswali. Mjumbe akiuliza jambo usilolijua, sema hulijui na utaje siku utakayomjibu, kisha mjibu kabla ya siku hiyo. Ikiwezekana, na kwa ruhusa ya mwajiri wako, ingia kwenye bodi ya taasisi nyingine isiyoshindana nanyi, hata ya kujitolea, ili uone jinsi uongozi unavyoonekana kutoka upande ule wa meza.

Kukaimu ni mtihani wenye thamani kubwa. Tim Cook aliishika Apple wakati Mkurugenzi Mtendaji wake, Steve Jobs, alipokuwa kwenye likizo za ugonjwa, mwaka 2004, 2009 na 2011, hivyo alipoteuliwa rasmi Agosti 2011 bodi ilikuwa imeshamwona akiendesha kampuni. Ukikaimishwa, usigeuze nafasi hiyo kuwa kampeni. Maliza yaliyoachwa njiani, amua yanayohitaji kuamuliwa, na mwenye kiti akirudi umkabidhi vitu vikiwa katika mpangilio.

Uteuzi wenyewe huongozwa na kamati ya bodi, mara nyingi ikisaidiwa na kampuni ya kutafuta viongozi. Watazungumza na waliokuwa wakubwa wako, wenzako na walio chini yako, wakiwemo ambao hukuwataja. Kwenye usaili utaulizwa ungefanya nini, na jibu lenye nguvu ni lile linaloonyesha pia utaacha kufanya nini, maana kila mgombea ana orodha ya kuongeza ilhali wachache wana ujasiri wa kutaja cha kukata.

Huenda usichaguliwe. Novemba 2000 General Electric ilimtangaza Jeffrey Immelt kuwa mrithi wa Mkurugenzi Mtendaji wake, Jack Welch, na wenzake wawili waliokuwa wakishindania kiti hicho, James McNerney na Robert Nardelli, hawakukaa muda mrefu bila kazi: ndani ya wiki chache tu McNerney alikuwa amepata 3M na Nardelli Home Depot. Walichukuliwa upesi kwa kuwa kila mmoja alikuwa amebeba biashara kubwa kwa jina lake. Ukumbuke pia kwamba kampuni ndogo na za kati ni nyingi kuliko hizi zinazotajwa magazetini, na kwamba kuongoza kampuni tanzu au biashara ya familia iliyopanuka ni uongozi kamili wenye bodi, wadai na wafanyakazi wanaokutegemea.

Hatua ya sita: chunguza kabla ya kusaini

Furaha ya kuteuliwa huwafanya watu makini wasaini mambo ambayo wasingeyakubali kwa niaba ya kampuni. Omba kuona hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu hadi mitano, barua ya mkaguzi kwa uongozi kuhusu udhaifu alioukuta, masharti ya mikopo, na orodha ya kesi. Zungumza na aliyekutangulia, na umuulize kwa nini anaondoka. Zungumza na kila mjumbe wa bodi peke yake, ukimuuliza mafanikio yatakuwa yapi baada ya miaka mitatu. Wakikupa majibu yanayopingana, ugomvi uliopo kati yao utakuangukia wewe, na ni bora uwaombe waumalize kabla hujaingia.

Kwenye mkataba, tazama mshahara mwisho. Tangulia na maana ya kuachishwa kwa sababu na kuachishwa bila sababu, muda wa notisi, kitakachotokea kampuni ikinunuliwa, na kizuizi cha kufanya kazi kwa washindani baada ya kuondoka. Malipo mengi ya ngazi hii hufungwa kwenye hisa zinazoiva, yaani zinazokuwa zako hatua kwa hatua, kwa miaka kadhaa, na masharti ya kuiva kwake ndiyo yatakayokuonyesha bodi inataka nini kwa kweli. Tafuta mwanasheria wako mwenyewe, kwa kuwa wa kampuni anailinda kampuni.

Hatua ya saba: miezi ya kwanza

Louis Gerstner aliichukua IBM Aprili 1993, akitokea nje ya sekta ya kompyuta, baada ya kampuni kupata hasara ya karibu dola bilioni 5 mwaka uliotangulia. Aliwataka viongozi wake 50 wa juu kila mmoja awatembelee angalau wateja watano wakubwa, asikilize, kisha amwandikie ripoti ya ukurasa mmoja au miwili. Kutoka kwa wateja aliona kwamba walitaka kampuni moja inayoweza kuwaunganishia mitambo yao yote, akaachana na mpango uliokuwepo wa kuigawanya IBM vipande. Mgeni anayefika na mkakati uliokamilika angeivunja.

Fanya basi mambo haya kwa mpangilio huu. Jua kwanza fedha taslimu zilizopo zitatosha hadi lini, maana jibu la hilo linakuambia una muda gani wa kusikiliza. Kisha watembelee wateja na walio mstari wa mbele, ukiuliza kila mmoja maswali yale yale ili majibu yalinganishike. Ndani ya miezi hiyo amua kuhusu timu yako ya juu. Hapa ndipo wakurugenzi wengi hukawia, kwa huruma au kwa kutumaini kwamba mtu asiyeweza atabadilika, na waliobaki hukaa wakitazama utaamua lini.

Dharura inaweza kuwahi kuliko mpango wako. Barra alikuwa na wiki chache tu kwenye kiti General Motors ilipoanza kuyarudisha magari yenye swichi mbovu ya kuwashia, yaliyofikia milioni 2.6, hitilafu ambayo ilihusishwa na vifo vya watu 124 na ambayo baadhi ya wahandisi waliijua miaka mingi nyuma. Uchunguzi aliouagiza kutoka nje ulieleza mazoea ya mikutano ambamo wote walitikisa vichwa kukubaliana, kisha wakatoka bila yeyote kuwa na nia ya kutekeleza. Aliwafukuza kazi watu 15 na kuyaweka matokeo ya uchunguzi hadharani. Katika hali kama hiyo usikubali kusema kwamba jambo lilitokea kabla yako, hata kama ni kweli, kwa kuwa wafiwa wanataka kumwona mtu anayelibeba.

Hatua ya nane: ishi na bodi, na ujue unachotia saini

Mwenyekiti wa bodi asisikie habari yoyote nzito kutoka kwa mwandishi wa habari kabla ya kuisikia kwako. Mpigie simu siku hiyo hiyo, hata kama huna suluhisho. Makabrasha ya mkutano yawafikie wajumbe siku kadhaa kabla, yakiwa mafupi, na ukurasa wa kwanza useme ni uamuzi gani unaoombwa.

Kila saini yako ina uzito wa kisheria. Marekani, tangu sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, Mkurugenzi Mtendaji na mkuu wa fedha huthibitisha kwa saini zao usahihi wa hesabu za kampuni iliyoorodheshwa, na uthibitisho wa uongo kwa makusudi ni kosa la jinai. Sheria hiyo ilizaliwa na anguko la kampuni zilizodanganya katika hesabu zao, kama kampuni ya nishati ya Enron, ambayo Jeffrey Skilling, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wake kwa miezi sita mwaka 2001, alihukumiwa kifungo mwaka 2006. Popote ulipo, kaa na mkaguzi wa hesabu bila wasaidizi wako angalau mara moja kwa mwaka, umuulize ni tarakimu gani alibishana nayo zaidi.

Hatua ya tisa: kuuachia

Bahasha yenye jina la atakayekaimu endapo utashindwa ghafla kufanya kazi iwe mikononi mwa mwenyekiti tangu mwaka wako wa kwanza, na ubadilishe jina hilo kila mwaka hali ikibadilika. Walio na uwezo wa kukurithi wape vitengo vyenye faida na hasara, wabadilishie mazingira, na uwafikishe mbele ya bodi kama wewe ulivyofikishwa.

Siku ikifika, ondoka kabisa. Disney ilipompa Bob Chapek kiti Februari 2020, Bob Iger alibaki mwenyekiti mtendaji hadi mwisho wa 2021, na Novemba 2022 bodi ilimwondoa Chapek na kumrudisha Iger. Mrithi anayefanya kazi huku mtangulizi wake yuko kwenye chumba cha jirani hupata shida ya kusikilizwa na wasaidizi ambao bado wanabisha hodi kule. Weka tarehe moja ya makabidhiano, saini za benki zibadilishwe siku hiyo, watambulishe wateja wakubwa na wadai kwa mrithi wako ana kwa ana, mwandikie mambo yaliyoachwa njiani pamoja na ahadi ulizotoa kwa mdomo, kisha mwachie yeye aamue kama atakupigia simu.